Mzazi, kabla hujaizima hiyo rock, sikiliza kwanza

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayesoma ukurasa huu. Aliandika hivi: "Kijana wangu yupo kidato cha tatu. Siku hizi anajifungia chumbani na hedifoni, anasikiliza muziki wa kelele wa magitaa. Nimeshika simu yake nikaona video ya mtu ameanguka chini hajiwezi, mwenzake anamnyanyua. Je, mwanangu ameanza unga?"

Nikamwomba anitajie jina la wimbo. Aliponitumia, niliweka simu mezani nikakaa kimya kidogo. Wimbo wenyewe ni "Fall to Pieces" wa kundi la Velvet Revolver, na mimi naufahamu tangu nikiwa darasa la tatu. Kama ningeambiwa nichague wimbo mmoja wa rock wa kubaki nao maisha yangu yote, ningechagua huo.

Nilimjibu mama yule kwa kifupi kwamba wimbo peke yake si dalili ya chochote. Jibu refu ndilo hili la leo, na naomba uvumilivu wako, mzazi, kwa sababu inabidi nianzie nyumbani kwetu.

Tanga, mwaka 2005

Tulikuwa tunaishi Chumbageni na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Aliletwa kwetu kusoma sekondari. Alikuwa na gitaa bovu la nyuzi nne, na CD aliyonakiliwa na rafiki yake ambaye baba yake alikuwa baharia. Jioni umeme ukiwepo, aliiweka kwenye redio ya sebuleni. Mimi nilikaa sakafuni na daftari la hesabu, nikijifanya nasoma.

Sikuelewa neno hata moja la Kiingereza kile. Nilichoelewa ni gitaa. Wimbo unaanza na gitaa peke yake, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Kisha ngoma zinaingia, sauti ya mwimbaji inaingia chini chini, halafu kwenye kiitikio kila kitu kinafunguka kwa mara moja. Nilikuwa nasikia baridi mikononi. Kaka alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, subiri, sehemu yenyewe bado." Sehemu yenyewe ilikuwa ni pale gitaa linapoachiwa uwanja kuelekea mwishoni, likawa kama linaongea.

Mama alikuwa na jina moja tu la muziki ule: kelele za shetani. Baba hakusema kitu, ila alipunguza sauti kila alipopita.

Miaka miwili baadaye kaka alikuwa anatumia heroini. Siku mtungi wa gesi ulipopotea jikoni, baba alizikusanya zile CD akazichoma nyuma ya nyumba pamoja na majani makavu. Kwa akili za nyumbani kwetu, mwizi alikuwa ameshapatikana: ni ule muziki.

Waliouimba walikuwa nani?

Nimekua, nimesoma, nimekuwa mwandishi wa habari za afya. Nikarudi kuwatafuta watu waliouimba wimbo ule, na nilichokikuta ni faili la wagonjwa.

Velvet Revolver lilikuwa kundi la mastaa waliotoka makundi mengine. Mpiga gitaa Slash, mpiga besi Duff McKagan na mpiga ngoma Matt Sorum walikuwa wametoka Guns N' Roses. Dave Kushner alikuja na gitaa la pili. Walihangaika muda mrefu kupata mwimbaji, hadi mwaka 2003 wakampata Scott Weiland, aliyekuwa amejijengea jina na Stone Temple Pilots. Albamu yao ya kwanza, "Contraband", ilitoka Juni 2004 na kuingia moja kwa moja namba moja Marekani, ikauza nakala zaidi ya 250,000 wiki ya kwanza. Julai 2005 walisimama Hyde Park, London, kwenye tamasha la Live 8. Mwaka 2008 Weiland akaondoka, na kundi halikutoa tena albamu nyingine.

Hiyo ndiyo historia ya muziki. Sasa tazama historia ya miili.

Duff alikunywa pombe kali kwa miaka mingi. Mwaka 1994, akiwa na miaka 30, kongosho lake lilivimba mpaka likapasuka. Kongosho ni kiungo kilichopo nyuma ya tumbo, kinachotengeneza vimeng'enya vya kusaga chakula. Likipasuka, vimeng'enya hivyo vinamwagika ndani na kuanza kuusaga mwili wenyewe. Ni maumivu ambayo madaktari wanayahesabu miongoni mwa makali kabisa. Duff ameeleza kwamba alipokuwa kitandani hospitali aliletewa mama yake, mgonjwa wa Parkinson, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Akamwona mama mgonjwa amekuja kumuuguza kitinda mimba wake, akaona mambo yamekaa kinyume. Aliacha pombe. Akaanza kuendesha baiskeli, akajifunza sanaa ya kujihami, na baadaye akaingia darasani Seattle University kusoma masuala ya fedha, kwa sababu aligundua hajui hata pesa zake zinakwenda wapi.

Slash yeye ilikuwa moyo. Mwaka 2001, akiwa na miaka 35, aligundulika kwamba misuli ya moyo wake imetanuka na kulegea baada ya miaka mingi ya pombe na dawa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliambiwa amebakiza kati ya siku sita na wiki sita. Akawekewa kifaa kifuani cha kuushtua moyo ukikosea mapigo. Akapona, lakini hakuacha siku hiyo. Mpaka mwaka 2006 ndipo aliachana kabisa na ulevi. Kumbuka hilo, mzazi: mtu anaweza kuambiwa na daktari kwamba anakufa, akaitikia kwa kichwa, na bado akarudi kwenye chupa. Uraibu haufanyi kazi kwa hoja.

Wa tatu ni Weiland. Huyu alikuwa amepambana na heroini kwa zaidi ya miaka kumi, na alishawahi kufungwa jela. Albamu ile ya 2004 ilirekodiwa huku akiwa chini ya amri ya mahakama kutibiwa uraibu. Alikuwa anaruhusiwa kwenda studio kwa saa chache tu kwa siku, kisha anarudi kwenye nyumba ya matibabu.

Wimbo wenyewe unasema nini?

Jina lake, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kuvunjika vipande vipande. Sitanukuu maneno yake hapa. Ila mtu akikwambia ni wimbo wa kusifia dawa za kulevya, hajausikiliza. Ni mwanaume anayemkosa mwanamke anayempenda, anajua kwamba yeye ndiye aliyeharibu, na anaona anavyoporomoka bila kuweza kujishika. Hatafuti huruma ya mtu. Kwangu mimi huo ndio uzuri wake. Wimbo wa rock kwa kawaida unavimba kifua. Huu umekunja mabega.

Ile video aliyoiona mama wa ujumbe ni ya wimbo huu. Inaonyesha maisha ya Weiland mwenyewe: ugomvi na mkewe, dawa, kuanguka. Anayeigiza mke ni Mary, mke wake wa kweli wakati huo. Anayemnyanyua alipozidiwa ni Duff, yule aliyepasuka kongosho. Na hilo halikuwa igizo tupu. Duff ndiye aliyemchukua Weiland hadi milimani katika jimbo la Washington, akamkabidhi kwa mwalimu wake wa sanaa ya kujihami ili ajaribu kusimama. Kwa hiyo ukisikia besi ya wimbo ule, unamsikia mtu aliyewahi kufika pale pale, ameketi pembeni ya mwenzake anayeteseka, anamshikia mdundo.

Ndiyo maana siwezi kuusikiliza kama wimbo wa kawaida. Gitaa ni la mtu mwenye kifaa kifuani. Besi ni ya mtu aliyepona. Sauti ni ya mtu ambaye bado anaumwa. Watatu hao wako pamoja kwa dakika nne na nusu, na kwa dakika hizo hakuna anayemuacha mwenzake.

Napenda ningesema wimbo ulimwokoa. Haukumwokoa. Desemba 3, 2015, Weiland alikutwa amefariki ndani ya basi la ziara za muziki, Bloomington, Minnesota. Alikuwa na miaka 48. Uchunguzi ulionyesha mchanganyiko wa kokeini, pombe na dawa nyingine ya kusisimua, kwenye mwili ambao mishipa ya moyo ilikuwa tayari imeharibika. Siku chache baadaye, Mary, ambaye wakati huo walikuwa wameshaachana, alichapisha barua katika jarida la Rolling Stone kwa ajili ya watoto wao wawili. Aliwaomba mashabiki wasikipambe kifo kile. Alisema badala ya kununua fulana yenye maandishi ya 1967-2015, fedha hiyo imtoe mtoto mmoja akatazame mchezo au akale aiskrimu. Alieleza kwamba watoto wale walikuwa wamempoteza baba yao miaka mingi kabla hajafa.

Niliposoma barua ile niliufungua tena wimbo. Nikausikia tofauti. Nilikuwa nimezoea kumsikia anayeporomoka. Siku hiyo niliwasikia pia waliokuwa wanatazama.

Kaka

Turudi Tanga. Kaka alianza kama wengi wanavyoanza: bangi, kisha kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, kisha unga wenyewe. Alitoroka, akaishi maskani Dar es Salaam. Kwa miaka sita tulikuwa tunapata habari zake kwa watu. Mama mkubwa alihama Tanga akapanga chumba Temeke, kwa sababu moja tu, awe karibu naye. Kila mtu alimshangaa. Alikuwa anauza maandazi asubuhi, na jioni anapita maskani na bakuli la wali. Mateja walimjua kwa jina. Hakuwahubiria. Alimpa mwanawe chakula, akasema, "Nipo," akaondoka.

Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadone, na baadaye huduma hiyo ikafika Mwananyamala, Temeke na mikoani. Methadone ni dawa ya kunywa ambayo inakaa mahali pale pale ubongoni ambapo heroini inakaa, ila inafanya kazi taratibu na kwa muda mrefu. Ikipimwa sawasawa, mtu hapati stimu wala hapati arosto. Anakunywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya, bila malipo, kisha anakwenda kazini kwake. Watu wanasema ni kubadilisha unga kwa unga. Si kweli. Anayekunywa dozi yake saa moja asubuhi halazimiki kuiba saa nne.

Kaka aliingia kwenye dawa baada ya kushindwa mara mbili. Leo anatengeneza simu. Mama mkubwa bado anamsindikiza kliniki baadhi ya siku, ingawa hahitaji. Nadhani ni yeye mama ndiye anayehitaji.

Mwaka jana nilimtembelea nikamuuliza swali nililolibeba tangu utotoni. Nikamwambia, kaka, ule muziki ulikuponza? Aliendelea kufungua simu ya mteja, hakuinua macho. Akasema, "Mdogo wangu, unga nilipewa na mtu, tena rafiki. Ule wimbo ndio ulikuwa unasema kitu nilichoshindwa kuwaambia. Nilikuwa naupiga sebuleni makusudi. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aniulize."

Hakuna aliyeuliza. Mama alisema shetani, baba alipunguza sauti, na mimi nilikuwa mtoto, nangoja sehemu ya gitaa. Nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya. Amekubali, kwa sharti kwamba nisiandike kumlaumu baba.

Simlaumu. Baba alichoma alichokiona.

Sasa wewe mzazi ufanye nini?

Kwanza, usitafute ugonjwa kwenye aina ya muziki. Anayesikiliza rock, singeli au kaswida, wote wanaweza kuwa salama na wote wanaweza kuwa hatarini. Tazama mwili na mwenendo. Anayetumia heroini mboni za macho yake huwa ndogo sana, hata akiwa kwenye giza. Anasinzia mchana katikati ya mazungumzo, anajikuna, anapungua, anavaa mikono mirefu kwenye joto. Akikosa, anapata mafua, miayo, jasho, kuhara na maumivu ya mwili. Vitu vinapotea nyumbani. Hizo ndizo dalili za kukufanya usimame.

Pili, uliza kuhusu wimbo. Hili ni jambo dogo na halina gharama. Kaa naye, mwambie, "Hebu niwekee huo unaoupenda." Sikiliza mpaka mwisho, usikatize kwa mahubiri. Halafu muulize, "Kwa nini unaupenda?" Anaweza kukujibu gitaa tu, na ikawa ni gitaa kweli. Anaweza pia kukwambia jambo ambalo amekuwa akilibeba peke yake. Kama kuna video yenye mambo mazito kama hii, itazameni pamoja, umweleze nini kilimpata mwimbaji. Hata uwe na bango la afya, sijaona somo la uraibu linaloeleweka kwa kijana kuliko maisha ya watu ambao tayari anawapenda.

Tatu, ukikuta ni kweli ametumia, usimfukuze na usimfungie ndani ukidhani arosto pekee itamponya. Mpeleke kituo cha afya, uliza kuhusu kliniki ya waraibu iliyo karibu. Na hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui: mtu aliyekaa muda bila kutumia, iwe jela, hospitali au kwenye soba, mwili wake unapoteza uvumilivu wa dawa. Akirudia kipimo kile kile cha zamani, kinaweza kumuua. Kwa hiyo wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za kumkaribia zaidi.

Ukimkuta amezidiwa, haamki, anapumua polepole au kwa mkoromo, midomo imebadilika rangi, usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Mlaze ubavu ili asipaliwe, mkimbize hospitali, na useme ukweli ametumia nini. Kama ni heroini, ipo dawa ya kuizuia kwa dakika chache, inaitwa naloxone. Aibu ya kuficha ndiyo inayochelewesha.

Nne, wewe mwenyewe tafuta mtu wa kuongea naye. Mama mkubwa alikuwa na jirani mmoja tu aliyekuwa akimsikiliza, na anasema bila huyo asingefika.

Yule mama wa ujumbe alinirudia Jumapili. Alimwomba kijana wake amwekee wimbo. Kijana alishangaa, akafikiri ni mtego. Waliusikiliza jikoni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Kijana akamweleza kwamba anajifunza kupiga gitaa kwa kutazama video, na ule mwanzo wa Slash ndio anaoutafuta, vidole vinamgomea. Gitaa lenyewe hana. Anaazima kwa mwenzake shuleni. Mama akamuuliza kuhusu yule mtu aliyeanguka. Wakaongea mpaka saa tano usiku, na katika mazungumzo hayo kijana akamtajia mwenzake mmoja wa darasani ambaye ameanza kuvuta kokteli, na hajui amwambie nani.

Sasa tunashughulikia habari ya huyo mwenzake, kwa utaratibu na kwa siri, pamoja na mzazi wake.

Na mimi Jumapili hiyo hiyo nilimpigia simu mama yangu Tanga. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, nikamwambia nataka nimtumie wimbo mmoja WhatsApp. Akauliza, "Ni ule wa kaka yako?" Nikasema ndio. Akanyamaza. Kisha akasema, "Nitumie mwanangu. Baba yako ametoka, lakini nitamngoja."

Tukutane wiki ijayo.